Uvimbe wa mishipa ya damu kwa watoto baada ya Korona

Sindromu ya uvimbe wa mifumo mingi kwa watoto ni maradhi makali yanayompata mtoto wiki mbili hadi sita baada ya kuambukizwa virusi vya Korona. Mara nyingi ambukizo lenyewe lilikuwa jepesi, pengine mafua ya siku mbili ambayo hakuna aliyeyatilia maanani. Kinga ya mwili, badala ya kutulia baada ya kuvishinda virusi, huendelea kushambulia, na shambulio hilo huangukia kuta za mishipa ya damu. Moyo, tumbo, ngozi, macho na figo huumia kwa pamoja kwa sababu vyote vinalishwa na mishipa hiyo hiyo. Makala hii inaeleza maradhi hayo kwa kuangalia hasa mitaa ya Eastlands, Nairobi, inayozunguka Soko la Burma.

Historia

Ugonjwa wa karibu zaidi uliojulikana kabla ya Korona ni ule wa Kawasaki. Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto jijini Tokyo, alimwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1961. Alikusanya habari za watoto 50 na kuzichapisha kwa Kijapani mwaka 1967, na madaktari wa nchi nyingine walizisoma mwaka 1974 alipoziandika kwa Kiingereza. Mwanzoni wenzake walidhani ni homa inayopita bila madhara. Uchunguzi wa maiti za watoto waliofariki ghafla ndio uliofichua kwamba ateri zinazolisha moyo zilikuwa zimetanuka na kuziba kwa damu iliyoganda.

Mwezi Aprili 2020 madaktari wa London waliwapokea watoto wanane waliokuwa katika hali ya mshtuko, shinikizo la damu limeporomoka na miili inawaka moto. Mmoja wao alifariki. Taarifa yao ilitoka mwezi uliofuata, na tarehe 15 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo rasmi ya kuutambua ugonjwa huo mpya. Kawasaki mwenyewe alifariki Juni mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 95. Barani Afrika, miongoni mwa taarifa za mwanzo ni ile ya Cape Town, ambako watoto 23 walitibiwa kati ya Juni na Julai 2020. Nchini Kenya, madaktari wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walichapisha uzoefu wao wa kuwatibu watoto wa namna hii mwaka 2022, wakisisitiza ugumu wa kazi hiyo mahali ambapo dawa na vipimo ni haba.

Jinsi mishipa inavyoumia

Kila mshipa wa damu, kuanzia ateri kubwa ya moyo hadi kapilari isiyoonekana kwa macho, umetandikwa ndani kwa safu moja ya seli. Safu hiyo huizuia damu isivuje, huiachia pale inapohitajika, na huizuia isigande ovyo. Kinga inapopandwa na wazimu, kemikali zake huzifungua seli hizo zilizoshikamana. Maji na protini huvuja kutoka kwenye damu na kuingia katika nyama za mwili: mikono na miguu huvimba, maji hujaa kifuani na tumboni, shinikizo la damu hushuka. Mtoto huweza kufikia hali ya mshtuko bila kupoteza hata tone moja la damu kwa jeraha.

Madhara ya pili ni kuganda. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walionyesha mwaka 2020 kwamba damu ya watoto hawa ina kiwango kikubwa cha protini za komplementi zilizoamshwa, yaani zile zinazotoboa seli. Chembe sahani hupungua kwa sababu zinatumika kuunda vidonge vidogo vya damu ndani ya kapilari. Nchini Brazil, uchunguzi wa maiti ya mtoto wa miaka 11 ulikuta chembe za virusi katika misuli ya moyo na hata katika seli za kapilari zake.

Madhara ya tatu ndiyo yanayodumu. Ukuta wa ateri ya moyo ukilegea, hutanuka kama puto, na mahali hapo damu huzunguka polepole hadi kuganda. Katika ugonjwa wa Kawasaki usiotibiwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hupata madhara haya. Akitibiwa ndani ya siku kumi za kwanza, hatari hushuka hadi takriban asilimia 5. Homa, kwa hiyo, si kipimo cha kupona. Inaweza kuondoka yenyewe huku mshipa ukiendelea kutanuka.

Kwa nini kinga hukosea hivyo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kwamba katika takriban theluthi moja ya watoto waliopimwa, kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya virusi ziliishambulia pia protini ya mwili iitwayo SNX8, ambayo sehemu yake inafanana na ya virusi.

Dalili

Homa ya siku tatu au zaidi, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu wenye vipele, upele mwilini, tezi za shingo zilizovimba. Kinachoutofautisha na Kawasaki ni umri, kwa kuwa Kawasaki huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano ilhali huu huwapata sana wa miaka minane au tisa, na pia maumivu makali ya tumbo pamoja na kutapika na kuharisha. Wapo waliodhaniwa kuwa na kidole tumbo.

Eastlands na Soko la Burma

Soko la Burma liko upande wa Barabara ya Jogoo, karibu na Uwanja wa City, na linajulikana Nairobi nzima kwa nyama. Mitaa iliyo jirani, kama vile Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Muthurwa, ina familia nyingi zinazoishi katika chumba kimoja au viwili. Kujitenga kulikohubiriwa mwaka 2020 hakukuwezekana hapa. Eastleigh, mtaa usio mbali na soko, ulifungwa kwa amri ya serikali tarehe 6 Mei 2020. Kufikia Novemba mwaka huo, uchunguzi wa damu katika nyumba za Nairobi ulikadiria kwamba asilimia 34.7 ya wakazi walikuwa wameshaambukizwa, wengi wao bila kupimwa kamwe.

Jambo hilo ni zito kwa daktari. Mzazi akiulizwa kama mtoto aliwahi kuugua Korona, jibu la kweli kabisa ni kwamba hajui. Mtoto mwenye homa hupelekwa kwanza kwenye duka la dawa, akapewa paracetamol na antibiotiki. Akiwa ametoka ushago, Siaya au Busia, huhesabiwa kuwa ana malaria. Akiwa hajasafiri, hupimwa homa ya matumbo kwa kipimo cha Widal, ambacho hupotosha mara nyingi. Macho mekundu na upele hufanya adhaniwe ana surua. Isitoshe, picha nyingi za vitabu vya udaktari zinaonyesha upele kwenye ngozi nyeupe, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi kwa urahisi. Siku za thamani hupotea katika mzunguko huu, kabla mtoto hajafika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au ya Kenyatta.

Matibabu

Dawa iliyozoeleka ni imunoglobulini inayotiwa mshipani, gramu mbili kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 anahitaji gramu 30. Hutengenezwa kwa damu ya maelfu ya watu waliojitolea, na bei yake ni mzigo usiobebeka kwa familia ya mchuuzi. Kwa bahati njema, utafiti wa kimataifa wa mwaka 2021 uliohusisha watoto 614 kutoka nchi 32 haukukuta tofauti ya wazi kati ya waliopewa imunoglobulini, waliopewa steroidi na waliopewa zote mbili. Steroidi ni rahisi na zinapatikana, na Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza Novemba mwaka huo. Asprini ya kiwango kidogo huzuia kuganda, lakini hutolewa kwa amri ya daktari pekee.

Kinga

Chanjo ya Korona hupunguza sana hatari ya kupata sindromu hii.

Hali ya sasa

Tangu kuenea kwa aina ya virusi vya Korona iitwayo Omikroni, wagonjwa wa sindromu hii wamepungua mno duniani, na wengi waliopona mioyo yao ilirudi katika hali ya kawaida baada ya miezi michache. Ugonjwa wa Kawasaki haujaondoka. Mtoto ambaye homa yake imefika siku ya tano, macho yakiwa mekundu na midomo imepasuka, anahitaji kupigwa eko ya moyo kabla ya siku ya kumi, hata kama kipimo cha malaria kimesema anayo.