Bahari Isiyokuwapo: Ufundi wa Picha za Mitindo Jijini Paris, 1930–1939

Historia ya picha za mitindo ya mavazi imezoea kuandikwa kama historia ya nguo. Mbunifu hutajwa kwanza, aliyezivaa hufuata, na aliyepanga taa hubaki pembeni. Kwa kipindi cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mtazamo huo unapotosha, kwa kuwa mvuto wa picha hizo ulitokana na kiinimacho, na kiinimacho kina fundi wake.

Mwaka 1930 George Hoyningen-Huene, mzaliwa wa St Petersburg aliyeikimbia Urusi baada ya mapinduzi, alipiga picha ya mwanamume na mwanamke waliovaa mavazi ya kuogelea. Wamempa mtazamaji mgongo na wanautazama upeo wa bahari. Bahari yenyewe haikuwapo. Wawili hao walikuwa juu ya paa la studio ya jarida la Vogue, katika barabara ya Champs-Élysées, na ule upeo ulikuwa ukingo wa paa uliofifishwa na lenzi.

Mwanamume huyo alikuwa Horst, kijana Mjerumani aliyekuja Paris kufanya kazi kwa msanifu majengo Le Corbusier. Mwaka uliofuata naye alikuwa akilipigia jarida hilo picha. Alianza kuujua ufundi akiwa mbele ya kamera, kama mtoto wa seremala anayeshikilia ubao kabla hajakabidhiwa randa.

Uanagenzi huo ulizaa matunda Agosti 1939, Horst alipopiga picha ya koseti ya Mainbocher, yaani vazi la kubana kiuno linalofungwa kwa kamba mgongoni. Mwanamke ameketi akionyesha mgongo, kichwa amekiinamisha, na kamba zimelegea hadi kuning'inia. Mwanga unaonekana kutoka kwenye taa moja tu, kumbe palikuwa na taa za ziada na viakisi mwanga. Horst mwenyewe alikiri baadaye kwamba asingeweza kuirudia. Upande mmoja koseti imeachana na mwili, na mwanya huo mdogo ndio unaoipa picha uhai. Wahariri hawakuupenda. Kabla ya kuchapishwa, picha ilirekebishwa ili vazi lionekane limekaza. Chapa zilizotolewa baadaye zinaonyesha koseti kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mtafiti anayetegemea ukurasa wa jarida peke yake anasoma uamuzi wa mhariri akidhani ni jicho la mpigapicha.

Picha hiyo ilikuwa ya mwisho kwa Horst jijini Paris kabla ya vita. Alitoka studio usiku wa manane, akapanda treni hadi Le Havre, na huko akaingia katika meli ya Normandie iliyokuwa ikielekea Marekani. Siku chache baadaye Ujerumani iliivamia Poland.