Walichozomea, Walichopigia Makofi: Mashabiki wa Apple Tangu 1997

Leo naweka kando kazi ya kuandika programu, tuzungumze historia kidogo. Ukiwa shabiki wa Apple hapa Nairobi unaijua desturi: tangazo kubwa huanza asubuhi kule California, na kwa saa zetu huwa ni saa mbili au tatu usiku. Chakula kinapoa mezani. Kabla hotuba haijaisha, kila mtu ana hukumu yake: hii safi, ile upuzi mtupu.

Je, hukumu hizo za usiku wa kwanza zina thamani yoyote? Tuzipitie kwa miaka yake.

Boston, Agosti 6, 1997

Hali ya Apple wakati huo ilikuwa mbaya sana. Mwaka wa fedha wa 1997 iliandikisha hasara ya takriban dola bilioni 1. Steve Jobs alikuwa amerudi baada ya Apple kuinunua kampuni yake ya NeXT. Akapanda jukwaani katika maonyesho ya Macworld na kutangaza kwamba Microsoft itanunua hisa za Apple zisizo na kura za dola milioni 150, itaendelea kutengeneza Office ya Mac kwa miaka 5, na Internet Explorer itakuwa kivinjari cha kwanza katika kila Mac.

Halafu uso wa Bill Gates ukatokea kwenye skrini kubwa, kwa setilaiti. Ukumbi ukazomea!

Usiwacheke. Hao ni watu waliotumia miaka mingi na pesa nyingi wakiamini kwamba Mac ni kitu na Windows ni nakala yake. Sasa waliambiwa adui ndiye mkombozi. Lakini tazama kile walichokizomea: bila Office, hakuna ofisi ambayo ingeendelea kununua Mac. Wenye hisa walielewa upesi, kwani siku hiyohiyo bei ya hisa ilipanda kwa karibu theluthi moja.

iMac, 1998

Mei 6, 1998, katika Flint Center ya Cupertino, ukumbi uleule ulioonyeshwa Macintosh ya kwanza mwaka 1984, Jobs alifunua iMac. Prosesa ya G3 ya megahezi 233, kumbukumbu ya megabaiti 32, dola 1,299. Rangi yake ilipendwa. Ila haikuwa na mahali pa kuingiza diski ya flopi! Isitoshe, soketi za zamani za Mac, pamoja na SCSI, zilikuwa zimeondolewa na USB kuwekwa mahali pake. Mwenye printa, skana na diski za nje alizozinunua kwa jasho aliona vyote vimekuwa mapambo.

Malalamiko yalikuwa mengi, na moja lilisikilizwa. Modemu iliyotangazwa ilikuwa ya kilobiti 33.6, na watu wakasema hiyo imepitwa na wakati. Mashine ilipoingia dukani Agosti 15 ilikuwa na modemu ya kilobiti 56. Flopi haikurudi. Katika wiki 6 za kwanza Apple iliuza iMac 278,000, na waliozitaka flopi wakanunua kisomaji cha nje cha USB.

Likumbuke jambo hili la modemu. Nitalirudia.

Mchemraba, 2000

Sasa tuje upande wa makofi. Julai 19, 2000, New York, Jobs alionyesha Power Mac G4 Cube: kompyuta ndogo ya mchemraba ndani ya plastiki angavu, haina feni, kimya kabisa. Mashabiki walishangilia. Nani asingeshangilia? Hata leo ni kitu cha kupendeza macho.

Ila bei yake ilianzia dola 1,799 bila skrini, wakati Power Mac G4 ya kawaida, yenye nafasi ya kuongezea kadi, ilianzia dola 1,599. Yaani ulipe zaidi upate pungufu. Baadaye wanunuzi wakalalamika juu ya mistari iliyoonekana kama nyufa kwenye plastiki. Julai 3, 2001 Apple ilisitisha utengenezaji, hata mwaka haujatimia. Makofi hayakulipa bili.

iPod, 2001

Oktoba 23, 2001. Mwaliko ulikuwa umedokeza tu kwamba si Mac. Mashabiki wakajijaza ndoto, hasa wale waliokuwa bado wanaililia Newton, kompyuta ya mkononi iliyosimamishwa mwaka 1998. Wakapewa kicheza muziki cha gigabaiti 5 kwa dola 399, kinachofanya kazi na Mac pekee. Rob Malda, mwanzilishi wa Slashdot, aliandika kwamba hakina mawasiliano yasiyotumia waya, nafasi yake ni ndogo kuliko ya Nomad, basi hakina lolote.

Kwa hesabu ya vipimo alikuwa sahihi. Nomad Jukebox ya Creative ilikuwa na gigabaiti 6. Kilichokosekana katika hesabu hiyo ni ukubwa wa mfuko wa suruali na mwendo wa FireWire wa kuhamisha nyimbo. Hata hivyo wale waliosema "cha Mac pekee" walikuwa na hoja, kwa sababu iPod ilianza kupaa kwelikweli baada ya kufunguliwa Windows mwaka 2002 na iTunes ya Windows kutoka Oktoba 2003.

Intel, 2005

Kwa sisi waunda programu, hili ndilo tangazo zito kuliko yote. Mwaka 1998 Apple ilikuwa imetoa tangazo la televisheni likionyesha konokono aliyebeba prosesa ya Pentium mgongoni. Mashabiki walilikariri kama aya. Juni 6, 2005, Jobs aliwaambia waunda programu kwamba Mac itahamia Intel, na kwamba kwa miaka 5 Mac OS X ilikuwa ikitengenezwa kisirisiri kwa prosesa hizo. Hata mashine aliyokuwa akiionyeshea jukwaani ilikuwa Pentium 4.

Sababu ilikuwa wazi. Mwaka 2003 alikuwa ameahidi G5 ya gigahezi 3 ndani ya mwaka mmoja, haikuja, na G5 ya kuingia kwenye laptopu haikupatikana kamwe.

Waliolalamika walilia nini? Mtu mwenye programu za Mac OS 9 alijua hazitafanya kazi kwenye mashine mpya, na ndivyo ilivyokuwa. Mwenye msimbo wake katika CodeWarrior ilibidi auhamishie Xcode. Kompyuta ya majaribio ilikuwa dola 999, tena ya kurudishwa. Hao hawakuwa na chuki ya konokono. Walikuwa wanahesabu gharama zao.

iPhone, 2007

Januari 9, 2007 makofi yalitikisa San Francisco, na safari hii makofi yalikuwa sahihi. Ila kuna vilio viwili. Simu ya gigabaiti 8 iliyouzwa dola 599 kuanzia Juni 29 ilishushwa hadi dola 399 Septemba 5, siku 68 tu baadaye. Waliopanga foleni wakawaka moto. Kesho yake Jobs aliandika barua ya wazi na kuwapa hati ya dola 100 ya kununulia vitu dukani.

Kilio cha pili kilikuwa chetu. Juni 11, 2007 waunda programu waliambiwa watengeneze kurasa za wavuti, ati hiyo ndiyo suluhisho tamu. Hawakuridhika, na wengine wakaanza kuvunja kufuli la simu. Oktoba 17 Apple ikakubali kutoa vifaa vya kuundia programu, na Julai 10, 2008 App Store ikafunguliwa ikiwa na programu 500 hivi. Wikendi ya kwanza zilipakuliwa mara milioni 10.

Sasa tujumlishe

Husemwa kwamba shabiki hajui kitu, anazomea kila kipya. Si kweli. Shabiki akitabiri kama kitu kitauzika, mara nyingi hukosea: alikosea kwa iPod, akakosea kwa Mchemraba. Lakini akisema "hapa nimepoteza kitu", huwa amepima sawasawa, maana mfuko ni wake. Modemu, dola 100, vifaa vya kuundia programu: mara zote tatu kampuni ilirekebisha, na mara zote tatu bidhaa ikawa bora au mteja akatendewa haki zaidi.

Kilio cha mwaka 2016, iPhone 7 ilipokuja bila tundu la spika za masikio, kilikuwa cha aina hiyohiyo. Hata Juni 2020, Apple ilipotangaza inaiacha Intel kwa prosesa zake yenyewe, wenye programu za Windows ndani ya Mac zao waliuliza swali la 2005: na zangu je?

Kwa hiyo tangazo lijalo, chakula kikiwa kinapoa, jaribu kutenganisha mambo mawili. "Hii haitauzika" ni kubahatisha tu, waachie wauzaji. "Hii itanigharimu" ni taarifa. Hiyo iseme, tena kwa sauti.