Kambarage mcheza soro

Maandishi mengi kuhusu Mwalimu Nyerere huanza kumchukulia kwa uzito mwaka 1934, alipoingia Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Kabla ya hapo tunapewa mbuzi wa kuchunga na asili ya jina lake, basi, tunakimbilia darasani. Nadhani tunachelewa. Kambarage alifika Mwisenge akiwa tayari ameshafaulu mtihani mmoja, na mtihani wenyewe ulikuwa soro.

Soro ni bao la kwao. Kanda ya Ziwa kila watu wana jina lao: Wasukuma wanaita isolo, ng'ambo kule Waganda wanaita omweso. Ni mistari minne ya mashimo na kete za mbegu au vijiwe. Unachota kete za shimo moja, unazipanda moja moja. Ya mwisho ikiangukia penye kete wenzake, safari inaendelea. Ikiangukia patupu, umelala, zamu ya mwenzako. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa mgongoni. Kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili, na bado mmoja anaona na mwingine haoni. Anayeona ameshaizungusha safari yote kichwani kabla mkono haujagusa shimo.

Sasa mweke mtoto kwenye boma la Mtemi Burito pale Butiama. Burito alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Watoto walikuwa wengi kweli. Kwenye boma la namna hiyo, kuonekana na baba si jambo dogo. Ukubwa wa mwili haukusaidii, wala kelele. Lakini mtoto anayejua soro anakaribishwa akae na wazee, tena akae mbele, maana mzee anataka mpinzani wa kweli.

Wanaosimulia maisha yake wanamtaja Mtemi Ihunyo wa Busegwe, rafiki wa Burito, aliyependa kucheza na kijana huyu. Akaona akili yake, akamshauri baba: mtoto huyu mpeleke shule.

Hapa tusijidanganye. Soro peke yake haikufungua mlango. Waingereza walitaka watoto wa watemi wasome, ili utawala wa kupitia machifu uendelee kuwa na warithi. Mtoto wa mchungaji wa kawaida angeweza kuwafunga wazee wote wa Uzanaki na jioni akarudi zizini kama kawaida. Ila Burito alikuwa na wana wengi, na kati yao ilibidi mmoja aonekane. Utemi ulitoa nafasi. Soro ilisaidia kuonyesha nani aikalie.

Mwisenge ilikuwa kilomita 40 hivi kutoka nyumbani, na masomo yalikuwa kwa Kiswahili, lugha aliyokwenda kujifunza hukohuko. Baada ya miezi sita akarushwa darasa. Michezo ya uwanjani haikumvutia sana. Muda wa mapumziko alipenda kusoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, kisha Makerere, na kuanzia 1949 hadi 1952 akawa Edinburgh, Uskoti. Kwa bahati nzuri hiyo ndiyo nchi ya mchezo wa kerlingi, ambapo mawe ya graniti yenye uzito wa karibu kilo 20 husukumwa juu ya barafu. Wenyewe wanauita sataranji ya barafuni. Mzee wa Butiama angeuelewa upesi: jiwe unaloacha leo ndilo litakalokuzibia njia au kukulinda baadaye.

Watu wanapenda kusema Mwalimu alitawala kama mcheza bao. Sifa hiyo ina mwiba. Kwenye bao kete haina neno, ukiichota inakwenda. Mwaka 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, watu walihamishwa kwa mamilioni, wengine wakiacha nyumba na mashamba waliyoyajua. Waliohamishwa walikuwa na maneno, na ardhi waliyopelekwa haikuwa ubao. Aliyezoea kuona kila kitu kikiwa wazi mbele yake hakuweza kuona yote ya watu hao. Mchezo unanoa akili, sawa, lakini si kila kitu unachokifundisha kinahamishika.

Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama, na bao likarudi naye: picha nyingi zinamwonyesha ameinama juu ya ubao, mkono hewani, watu wamemzunguka. Pale hakuwa Mheshimiwa. Ukila, umekula, ukilala, unasubiri zamu yako, hata kama umetafsiri Shakespeare mara mbili.

Leo bao tunaliita mchezo wa wazee wasio na kazi. Lakini ukipita Bunda au Musoma, chini ya mti wowote wenye ubao, tazama nyuma ya wachezaji. Kuna mtoto amesimama, ametumwa chumvi, hajaondoka bado. Akikohoa kidogo na kusema, "Hapo mzee utaliwa," na kweli mzee akaliwa, usimfukuze. Muulize anasoma wapi, na kama hasomi, mwulize baba yake. Ihunyo alifanya hivyo, na mtoto aliyempata angalau alikuwa wa mtemi. Huyu wa chumvi hana mtu wa kumsemea.