Injini ya Gemu

Anayefungua Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa mara ya kwanza hukuta uwanja mtupu wa kijivu, paneli za nodi (vipande vinavyojenga gemu) na mafaili pembeni, na vitufe vingi visivyojieleza. Gemu haipo. Injini, hata hivyo, iko kamili.

Istilahi “injini ya gemu” ilishika baada ya Doom, gemu ya kampuni ya Marekani id Software iliyotoka Desemba 1993. Waundaji wake walitenga programu inayochora kuta, kutoa sauti na kupima nani kamgonga nani, wakaweka picha, ramani na maadui kwenye faili la peke yake. Mwaka 1994 Raven Software wakaichukua programu hiyohiyo, wakaifanyia marekebisho na kuitengenezea Heretic, gemu ya wachawi. Ndivyo injini ya dizeli inavyoweza kusaga mahindi leo na kesho ikafungwa kwenye boti. Kwa hiyo “injini” linafaa kuliko “mtambo”, linalomfanya msomaji afikirie kiwanda kizima. Nasema pia “gemu”, wala si “michezo”: ukurasa wa michezo gazetini ni wa Simba na Yanga, na mchezo wa kuigiza nao ni mchezo.

Anayeanza hukimbilia vitufe. Ningependa aanze na mzunguko, maana injini kazi yake ni kuzunguka: inasoma vitufe vilivyobonyezwa, inakokotoa nani yuko wapi, inachora picha moja, yaani fremu, kisha inarudia. Tuseme umeandika kwamba mhusika asogee pikseli 5 kila fremu. Kwenye kompyuta inayochora fremu 60 kwa sekunde, atakwenda pikseli 300. Kwenye mashine dhaifu ya fremu 30 atakwenda 150, na kwenye skrini ya fremu 144 atachomoka kwa pikseli 720. Gemu ni moja, msimbo ni mmoja, lakini mwenye kompyuta kuukuu anacheza kitu kingine kabisa, na hilo si haki kwake.

Dawa yake ni delta, muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Andika kasi ya pikseli 300 kwa sekunde, uizidishe kwa delta, na mhusika atakwenda mwendo uleule kwenye mashine zote tatu.

Godot ilianzia Argentina kwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, na msimbo wake ukafunguliwa kwa wote mwaka 2014. Jina limetoka kwenye tamthilia ya mwandishi Beckett, na kwa bahati njema tamthilia inatupa neno jingine: fungu la nodi zinazofanya kazi pamoja tuliite “onyesho”, kama tulivyozoea katika darasa la fasihi. Delta yenyewe ibaki delta, kwa kuwa mwanafunzi ataiandika hivyohivyo ndani ya msimbo. Kwenye maelezo ya Kiswahili aambiwe “muda wa fremu”.