Kuchagua Mupanga wa Safari: Chuma cha Waluba na Njia za Kamina

Siku hizi ukitaja mupanga watu wengi wanawaza damu. Sisi wa Kamina tunaujua kwanza kama mwenzi wa njia. Mwenye kwenda porini kuokota vinkubala, kuchoma makala, kulima shamba la mbali ao kuvua samaki upande wa Kisale, analala huko siku nyingi. Mugongoni anabeba unga, chumvi, sufuria na blanketi. Chumvi ataomba kwa jirani wa kambi. Lakini mupanga mubaya utamusumbua toka siku ya kwanza mpaka siku ya kurudi: bila mupanga hakuna nguzo za kibanda, hakuna kuni, hakuna njia katika majani marefu. Ndiyo sababu wazee hawakununua mupanga mbio mbio. Walichagua. Tunataka kueleza hapa namna uchaguzi ule ulivyozaliwa, na kwa nini tusiuache upotee.

Chuma kilikuwa hapa zamani

Mupanga si kitu cha kuletwa na wageni peke yao. Mashariki ya Kamina, katika bonde la Upemba, muto Lualaba unapita katikati ya maziwa mengi. Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo, Sanga na mahali pengine. Walikuta vyungu vizuri sana, vitu vya shaba, na vyombo vya chuma: majembe, visu, mikuki, hata mipanga. Kule Kamilamba, katika kaburi la karne ya 8 hivi, kulikuwa shoka ya heshima yenye mupini uliopambwa kwa misumari, pamoja na fuawe ya chuma. Fikirini basi: miaka zaidi ya 1000 iliyopita, mutu wa huku alizikwa na chombo cha muhunzi kama alama ya ukubwa wake.

Heshima hiyo haikufa. Masimulizi ya Waluba yanasema Nkongolo Mwamba alikuwa mutawala mukali, kisha akaja muwindaji Mbidi Kiluwe, na mutoto wake Kalala Ilunga akamushinda Nkongolo na kuwa Mulopwe. Kalala Ilunga anakumbukwa pia kwa ufundi wa chuma. Katika desturi za kumusimika Mulopwe kulikuwa tendo la kupiga fuawe, na wanawake wa ukoo mukubwa walivaa katika nywele vipini vya chuma vyenye sura ya fuawe ndogo. Kwetu, kutawala na kufua chuma vilikaa nyumba moja.

Kutoka tanuru mpaka treni

Wahunzi wa zamani walijenga tanuru kwa udongo, wakaweka mawe ya chuma na makala, kisha wakapuliza kwa mivukuto. Kilichotoka kilipigwa tena na tena ili uchafu utoke. Mukia wa mwele, ndilo jina la kisu kwa Kiluba, ulichomwa motoni mpaka ukawa mwekundu, halafu ukasukumwa ndani ya mupini wa muti. Muti uliungua kidogo, ukashika.

Treni ilibadilisha mambo. Mwaka 1928 reli ya kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na Kamina ikawa kituo katika njia hiyo. Mwaka 1956 reli ya kwenda Kabalo ikafika pia, Kamina ikawa njia panda. Majembe na mipanga ya viwanda ikajaa katika maduka, bei rahisi. Kuyeyusha mawe kukaisha, lakini muhunzi hakufa: alianza kufua vyuma vilivyochakaa. Resori ya kamio ndiyo aliyoipenda zaidi, kwa sababu chuma chake ni kigumu na tena kinarudi kikikunjwa.

Base na mutu wa kubeba vyote mugongoni

Base ya Kamina ilianza kujengwa na Wabeleji mwisho wa miaka ya 1940. Katika miaka ya 1950 ilifundisha warubani na makomando. Baada ya uhuru wa 1960 ilikuwa kwa muda mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Tarehe 24 Novemba 1964 ndege zilitoka hapo zikiwa na waparakomando Wabeleji, wakaruka juu ya Stanleyville, ni kusema Kisangani.

Askari wa kutembea ana shida moja na muokota vinkubala: kila gramu iko juu ya mugongo wake. Huko ulimwenguni majeshi yalijifunza somo hilo kwa watu wa pori. Jeshi la Uingereza lilichukua sura ya golok ya Malaya, kisu kifupi na kinene, chenye ubapa wa sentimita 33 hivi, kikafuliwa na Martindale wa Birmingham. Katika Amerika ya Kusini walipenda mipanga mirefu na myembamba, kwa sababu wanakata majani na mimea laini. Hakuna mupanga muzuri kwa kila pori. Pori ndilo linachagua kwanza, mutu anafuata.

Namna ya kuchagua

Pori letu ni miombo: muputu, mutondo, musuku, na mubanga ambao unafanya chuma kilie. Katika mabonde yenye maji kuna majani na matete. Basi tuseme hivi.

Urefu: kwa safari ya miguu, ubapa wa sentimita 35 mpaka 45 unatosha. Ukizidi hapo, unashika katika matawi na unachosha mukono.

Unene: milimita 2 ni kwa majani, kwa muti mugumu tafuta karibu milimita 3. Muzuri zaidi ni ule ulio munene karibu na mupini na unaopungua kuelekea ncha, maana hauvunjiki na hauchoshi.

Chuma: ukunje kidogo, uachilie. Ukibaki umepinda, ni laini. Ugonge kwa kucha usikilize: sauti ndefu ni njema, sauti ya kufa inaonyesha pengine ufa. Kisha pitisha tupa kwenye makali. Tupa ikiteleza kabisa, chuma ni kigumu kupita kiasi, makali yatamomonyoka juu ya mubanga. Ikikula kama sabuni, utanoa kila saa. Ishike kidogo tu.

Mupini: muti wa mulombwa ni muzuri, haupasuki ovyo. Mukia upite mpaka mwisho na ushikwe kwa misumari mitatu. Mupini laini kama kioo unateleza jasho likitoka.

Ala: usifunge mupanga uchi pembeni ya sakado. Ngozi ao vibao viwili vilivyofungwa kwa kamba vinatosha. Ukianguka, ala ndiyo itakuokoa.

Heshima ya chombo

Hatuwezi kuficha upande mwingine. Katika miaka ya 2000 watu wa Mitwaba na jirani zake waliteswa sana na vita vya Mai-Mai mpaka Gédéon Kyungu Mutanga alipojitoa kwa MONUC mwaka 2006. Baadaye neno letu la kila siku, kukata, likawa jina la kundi la silaha: Bakata Katanga, walioingia Lubumbashi tarehe 23 Machi 2013. Kule Kinshasa vijana wanaoitwa kuluna wakatisha watu barabarani kwa mipanga.

Lakini tangu 2020 kuluna wengi waliletwa hapa Haut-Lomami, Kaniama-Kasese, katika Service National, wakafundishwa kulima mahindi na kujenga. Mukono uleule sasa unashika jembe, na chuma kinarudi shambani. Hilo linatufundisha kwamba kosa haliko katika chuma.

Methali inasema mtoto akililia wembe, mpe. Kwa mupanga sisi hatukubali. Mutoto apewe kwanza mafundisho: kukata akielekeza makali mbali na muguu, kumupa mwenzake mupini na si makali, kutopima mupanga juu ya muti ulio hai kwa mchezo, na kuunoa kabla ya kulala. Muzazi amupeleke kwa muhunzi aone moto na nyundo, wakati wahunzi wangali wako. Mutu aliyeona jasho la kufua chuma hakiinui ovyo juu ya mwenzake.