Kibera: Ardhi ya Askari Iliyokosa Hati

Nairobi, mji mkuu wa nchi jirani ya Kenya, ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Wahandisi wa reli ndio waliochagua mahali. Wakoloni wakaamua nani akae wapi. Tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilitiwa moto. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alishauri mji ugawanywe kwa rangi. Wazungu wakajitwalia vilima vya magharibi; Waafrika wakasukumwa kwenye tambarare za mashariki. Neno "afya" likawa pazia la ubaguzi.

Hata hivyo mkoloni hakuweza kuishi bila jasho la Mwafrika, wala bila bunduki yake. Mtaa wa Kariokor wa Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ulipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini deni la mkoloni kwa watumishi wake halionekani wazi popote kama Kibera, kusini-magharibi ya mji huo.

Kibera ilikuwa makazi ya Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, maarufu kwa jina la KEYA. Kwa lugha yao waliuita msitu ule Kibra. Mwaka 1918 serikali iliutangaza kuwa eneo la jeshi, zaidi ya eka 4,000. Askari waliotumikia muda mrefu walipewa vibali vya kujenga na kulima humo. Vibali hivyo vilikuwa badala ya malipo ya uzeeni. Havikuwa hati za kumiliki ardhi. Mwaka 1928 eneo lilitoka mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya utawala wa kiraia, na tangu hapo mzee aliyemwaga damu kwa ajili ya Mfalme akahesabiwa kuwa mpangaji tu.

Mwaka 1948 wataalamu kutoka Afrika Kusini walitoa mpango mkuu wa Nairobi. Ulizungumzia vitongoji vyenye shule na maduka, barabara pana na bustani. Lakini ulitangazwa kuwa mpango wa makao makuu ya koloni, na kweli ulimtumikia mkoloni. Mipaka ya rangi ilibaki.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, watu wa kila kabila walimiminika Nairobi kutafuta kazi. Nyumba za kodi nafuu hazikutosha, nao wakapanga vyumba Kibera. Kwa kuwa makazi hayo hayakutambuliwa kisheria, mabomba ya maji, mifereji na vyoo havikuwafuata. Wala hawakuhesabiwa sawasawa: kwa miaka mingi ilidaiwa kuwa wanafika milioni moja, lakini sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000. Mji hauwezi kuwapangia maji watu ambao haujui idadi yao.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwakabidhi Wanubi hati ya pamoja ya eka 288. Ilikuwa haki iliyochelewa karibu miaka 100, na sehemu ndogo ya ardhi ya awali. Mwaka uliofuata, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya wakazi wa Kibera kupisha barabara, huku polisi wakilinda kazi hiyo.

Barabara ni ya lazima katika kila mji. Lakini mpango wa haki huanza kwa kuwahesabu watu, kuandika haki zao na kuwatafutia mahali pengine kabla ya kubomoa. Usipofanya hivyo, askari wa leo hutumwa kumwondoa mjukuu wa askari wa jana, kwenye ardhi ambayo babu yake alipewa kwa neno la serikali.