Boti Iliyogongwa na Kiboko: Makanisa ya Usukumani na Njia ya Kuelewana

Oktoba 1888 boti iitwayo Eleanor iliondoka Buganda kuelekea kusini mwa Ziwa Victoria, imejaa watu ambao kwa miaka tisa walikuwa hawaelewani. Walikuwamo Gordon na Walker, wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Walikuwamo pia Askofu Livinhac, Padri Lourdel na wenzao wa shirika la Kikatoliki la White Fathers, pamoja na watoto waliokuwa wakilelewa na mapadri hao. Waganda walikwisha kuwapa majina: hawa Wangereza, wale Wafaransa, kana kwamba dini zenyewe zilikuwa mbili. Mapinduzi ya ikulu yaliwafukuza wote kwa mpigo, na chombo kilichokuwapo kilikuwa kimoja, mali ya Waprotestanti.

Njiani kiboko akaitoboa boti. Baadhi ya watoto wa misheni ya Kikatoliki wakazama. Waliookoka walifika nchi kavu, wakaziba tundu, wakaendelea na safari hadi Bukumbi, misheni ambayo White Fathers waliianzisha mwaka 1883. Iko upande wa Misungwi wa ghuba ya Mwanza, ghuba ileile ambayo leo msafiri wa Geita anaivuka kwa daraja la Kigongo–Busisi. Wakatoliki wakawapokea Waanglikana nyumbani kwao, kisha wageni wakaendelea hadi Usambiro kwa Alexander Mackay, yule aliyebishana na Lourdel mbele ya Kabaka Mutesa hadi baraza zima likachoka.

Nimeanza na tukio hili kwa sababu historia ya umoja wa Wakristo husimuliwa mno kwa maazimio ya mikutano. Huku kwetu ilianza kwa kuhitajiana. Mwenye boti alimbeba asiye na boti, na mwenye nyumba akamlaza asiye na nyumba. Hakuna aliyembadilisha mwenzake imani.

Lakini ushirikiano huo haukudumu. Mwaka 1889 Wakristo wa pande zote mbili waliungana wakamrudisha Kabaka Mwanga, aliyekuwa amepinduliwa, kwenye kiti chake, wakagawana vyeo nusu kwa nusu, huyu Mkatoliki, huyu Mprotestanti. Mgawanyo ulionekana wa haki, ila uligeuza kila cheo kuwa cha dhehebu, na aliyebadili dhehebu akazua ugomvi wa nani abaki na nafasi. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana kwa bunduki pale Mengo. Miaka mitatu tu baada ya Bukumbi! Nadhani viongozi wengi wa makanisa hadi leo hawajalitafakari hilo vya kutosha: kugawana madaraka kunanyamazisha ugomvi kwa muda, lakini hakupatanishi watu.

Njia ya pili iliyojaribiwa ilikuwa kuchora mipaka ya eneo la kila misheni. CMS ilikuwa na kituo Nassa, kando ya ghuba ya Speke, lakini mwaka 1909 iliwaachia Africa Inland Mission (AIM), shirika ambalo kituo chake kikuu Afrika Mashariki kilikuwa Kijabe, Kenya, na Emil Sywulka akaanza kazi hapo. Kutoka Nassa kazi ilishuka hadi Shinyanga, na Kolandoto, ambako hospitali ya Africa Inland Church Tanzania (AICT), kanisa lililotokana na kazi hiyo, ipo mpaka leo, ilianza mwaka 1913. Kituo kizima kutolewa kwa dhehebu jingine bila vita ni jambo la kuheshimiwa.

Mwaka huohuo wa 1913, mwezi Juni, AIM ilikaa na Waanglikana, Wapresbiteri wa Uskoti na Wamethodisti huko Kikuyu kutafuta shirikisho la misheni. Mkutano ulimalizika kwa Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na aliyeongoza ibada ni Peel, Askofu wa Kianglikana wa Mombasa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipopata habari aliwashtaki Peel na Willis, Askofu wa Uganda, kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Shauri lilitikisa Kanisa la Uingereza, na jibu la Askofu Mkuu Davidson likatoka mwaka 1915: washirikiane, lakini ibada ya namna ile isirudiwe.

Kinachonigusa ni kilichofuata. Mwaka 1918 Weston alikwenda mwenyewe Kikuyu, akakaa na watu aliokuwa amewashtaki, akawaeleza mapendekezo yake ya umoja. Hawakuyakubali yote, ila muungano wa misheni ukaundwa mwaka huo. Mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana walipotoa wito wa umoja kwa Wakristo wote kutoka Lambeth, Weston aliuunga mkono. Hakuacha msimamo wake wa imani hata nukta moja, bali aliacha kugombana kwa barua.

Mipaka ile haikuweza kuishi na dhahabu. Mgodi wa kisasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na kila rashi ya dhahabu ilileta watu kutoka kila kona ya nchi. Kwenye machimbo mtu wa AIC kutoka Maswa anashika kamba ya duara, yaani shimo la kuchimbia, na Mlutheri wa Bukoba, na anayeendesha karasha ya kusaga mawe ni Mpentekoste. Duara likititia, hakuna anayeuliza waliofukiwa walibatizwa kwa maji mengi au machache.

Hapo ndipo viongozi walipofanya jambo ambalo wamisionari wa 1888 wasingeliota. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA) walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu jinsi nchi inavyokosa manufaa ya dhahabu yake. Wakati huo mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya Madini ya 2010 iliufanya 4, na mwaka 2017 ukafika 6. Sisemi ripoti moja ndiyo iliyofanya yote. Nasema sauti ya pamoja ya taasisi tatu za dini, au kumi, haipuuziki kirahisi.

Ndiyo maana inaniuma kuona migogoro ya uongozi ndani ya makanisa, kanda hii na kwingineko, ikikimbizwa kwa Msajili wa Jumuiya au mahakamani kabla wahusika hawajakaa chini. Waumini wanagawanyika makundi, wengine wanasali ndani, wengine chini ya mwembe. Kanisa jirani, lisilo na maslahi katika kiti kinachogombewa, lingeweza kuombwa lisikilize pande zote mbili. Weston alisafiri kutoka Zanzibar hadi Kikuyu wakati vita ya dunia bado ikiendelea. Kutoka Kahama hadi Shinyanga ni lami tupu.